Guddan Huja Mchana

Anayedhani wafu hutembea usiku hajakaa Hathras. Kwetu huja mchana, jua likiwa utosini, milango yote imerudishwa na mbwa wamelala chini ya mikokoteni. Guddan wetu alikuwa akija saa hizo. Mama yangu alimwona. Mimi nilimsikia, miguu mitupu kwenye ngazi za kupandia paani, tap, tap, kisha kimya. Wifi yangu Sarvesh, aliyemzaa, hakuwahi kumwona wala kumsikia, na hilo lilimuuma vibaya sana.

Guddan alifariki akiwa na miaka mitano. Tumbo lilivimba kama mtungi, miguu ikawa vijiti, akawa anakula na kuharisha, anakula na kuharisha. Huyu akasema minyoo, yule akasema kijicho cha majirani, nasi tukatibu vyote viwili. Alipokufa hakuchomwa, maana kwetu mtoto mdogo huzikwa tu, wala hapikiwi chakula katika majuma ya wafu kama tunavyowapikia wazee wetu. Mama hakuukubali mpango huo hata siku moja. "Mzee aliyekufa ameshiba anapikiwa wali wa maziwa," alisema, "na mtoto aliyekufa na njaa apewe nini? Upepo?"

Mimi naitwa Kusma, shangazi yake. Nilirudi kwa kaka yangu Girraj baada ya kumwachia mume wangu nyumba yake na mama yake, wafaidiane, na sijajuta. Girraj anaendesha bajaji ya betri. Mimi na Mama, Phulmati, tulifanya kazi kwenye banda la mvuje mwisho wa mtaa. Mvuje mbichi ni utomvu wa mmea, unakuja kutoka Kabul ndani ya ngozi za mbuzi, mkali wa kukutoa machozi. Sisi tunaulowesha, tunaukanda, tunaufinyanga vidonge, tunauanika. Mama ndiye alikuwa mkandaji wao hodari. Akishika donge tu, hajalitazama, anakuambia limekandwa na nani na huyo mtu aligombana na nani asubuhi.

Kisha Lavi, mdogo wake Guddan, akafika umri uleule. Tumbo likaanza. Sote tuliona, na hakuna aliyefungua mdomo, kana kwamba ukilitaja ndiyo umelikaribisha. Aliyelitaja alikuwa Sarvesh. Alimshika mumewe kola mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi, akamwambia, "Huyu sitamzika. Unanisikia, Girraj? Huyu unampeleka hospitali ya Aligarh leo, hata kama ni kwa kuuza hilo libajaji lako."

Daktari wa Aligarh alikuwa binti mdogo, mkali, miwani puani. Wakamtoa Lavi damu, wakampitisha mpira kooni, na baada ya siku kadhaa akatuita wote ndani.

"Ni ngano," alisema. "Mwili wa mtoto huyu unaikataa ngano. Inamchuna utumbo kwa ndani. Chapati, tambi, biskuti, halua, vyote basi. Si siku moja moja, si kidogo kidogo. Hata vumbi la unga basi. Maisha yake yote."

Mama alicheka kwa sauti. "Ngano! Mwanangu, umesoma sana, lakini hapa tulipo mtu akikataa ngano ale nini? Matofali?"

"Bibi, ana ndugu huyu?"

Sarvesh akamweleza kuhusu Guddan. Tumbo, miguu, nywele zilizokuwa zikikatika. Yule binti akavua miwani, akaishika mkononi, na hapo ndipo Sarvesh alipojua kwamba mwanawe wa kwanza aliuawa na chapati alizompikia yeye mwenyewe kwa mapenzi yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa huyu nimpikie nini?"

Kulikuwa na unga maalumu wa maboksi, unauzwa Delhi. Girraj akauliza bei. Alirudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima, cheko la mtu aliyetukanwa. Kwa hela ile boksi moja lingekuwa limekula siku zake tatu za bajaji, na mtoto hali boksi moja tu maishani.

Basi wifi yangu akajifunga kibwebwe. Ngano ya bure tuliyopata duka la serikali akawa anaipeleka kwa jirani mwenye shamba, anabadilishana kwa uwele na mahindi. Kinuni hakupeleka, maana jiwe la kinu cha mtaani linasaga ngano kutwa kucha, ukipeleka uwele wako unarudishiwa na ngano ya mwenzio ndani yake. Akalifukua jiwe la mkono la marehemu nyanya yetu kutoka chini ya kuni, akalisugua, akawa anasaga mwenyewe kila asubuhi. Uwele hausukumiki na kifimbo kama ngano, unapasuka. Aliukanda kwa maji ya moto na kuupigapiga viganjani, mikono ikambabuka. Mchele wa mgawo ulikuwapo, dengu zilikuwapo, viazi vilikuwapo. Jiko la Lavi likahamia paani, na sufuria zake, na kijiko chake, na ole wako ukigusa. Harusini mtoto alikwenda na kifurushi chake, na mashangazi wa ukoo wakaguna: "Jamani, kipande kimoja tu cha poori ya ngano, kitamfanya nini?" Sarvesh aliwajibu, "Kilimfanya dada yake," na wakatafuta pa kutazama.

Mama alibisha mpaka alipoona. Baada ya miezi michache tumbo likashuka, mashavu yakaja, Lavi akaanza kupanda ukuta wa jirani na kurudi na matusi mapya. Mama akageuka mlinzi kuliko polisi. Mimi na yeye tulipotoka bandani tumejaa unga mpaka kwenye nyusi, ni yeye aliyeweka sheria: hakuna kuvuka kizingiti. Tulisimama uani nyuma ya pazia la gunia, tukaoga, tukabadili sari, tukasukutua hata midomo, ndipo tukamshika mtoto. Siku moja nilisahau kunawa masikio, akanirudisha. "Unataka kumuua, weh?" Nilinawa masikio.

Nikikumbuka pazia lile la gunia nasikia baridi mpaka leo.

Mvua zilipokwisha, Lavi alikula mapera mabichi ya watu, mengi, kama mtoto yeyote mwizi. Akashikwa na tumbo. Mama akafanya linalofanywa na kila bibi wa mji wetu: akavunja kidonge cha mvuje, akakikoroga kwenye maji ya moto, akampa anywe, na kingine akampaka kitovuni. Mtoto akalala. Lakini baada ya siku mbili tumbo lilikuwa bado, gumu. Mama akampa tena. Wiki ile ikaisha, Lavi akaanza kuharisha, na mashavu yale yaliyotugharimu jasho la mwaka yakaanza kurudi nyuma.

Yalikuwa majuma ya wafu. Mchana mmoja Mama alishuka kutoka paani uso umemparara. "Guddan kaja," alisema.

"Mama, ni jua."

"Jua linajua kunyoosha mkono? Kasimama pale kwenye jiko la mdogo wake, kanikazia macho. Anataka chakula, Kusma. Hakupewa. Sasa anamtaka mwenzake."

Nilimwambia aache maneno ya kutisha. Halafu kesho yake, nimejilaza saa zilezile, nikasikia ngazi. Tap, tap. Nikamwita Lavi, nikidhani ni yeye, nikamkuta ubavuni pangu, amelala, amelowa jasho. Sikutoka nje kuangalia. Wanaotoka nje kuangalia ni mashujaa, mimi siwezi.

Tangu hapo Mama akawa anapika chapati ya ngano kwa siri uani, anaipaka samli na sukari kama alivyopenda marehemu, anaipandisha paani kwenye jani. Akimrudia Lavi, anamkuta anajikunja kwa tumbo, anampa mvuje. Kadiri mtoto alivyozidiwa, ndivyo alivyompa. Asubuhi, jioni, na akilia. Nyumba nzima ikanuka. Usiku tulisikia Mama akinong'ona gizani, "Guddan, mwanangu, kula chako uende. Huyu mwachie mama yako."

Sarvesh alipoijua habari ya chapati alitaka kupasuka. "Unaweka ngano paani? Juu ya jiko la mwanangu? Basi ndiyo anayoila Lavi!"

"Hali yeye. Anakula mwenye chakula chake."

Wifi yangu akajibanza nyuma ya tangi la maji mchana mzima, akiliangalia lile jani. Wakaja kunguru, wakagombana, wakamaliza. Lavi hakupanda kabisa, hakuwa na nguvu tena za kupanda ngazi. Sarvesh alishuka amekata tamaa. Nadhani alikuwa anatumaini pia kumwona mwanawe, hata mara moja, hata kwa ubaya.

Tukarudi Aligarh. Daktari akatazama majibu ya damu, akatutazama sisi. "Kuna mtu anampa ngano," alisema. "Karatasi haisemi uongo. Kuna mtu anampa, na kila siku. Mkiendelea hivi, atamfuata dada yake. Sina namna nyingine ya kuwaambia." Akauliza Lavi anakula nini. Sarvesh akataja kimoja kimoja: uwele, mahindi, wali, dengu, viazi, boga, maziwa. Akauliza tunamsagia wapi, akauliza viungo. Manjano tunatwanga wenyewe, chumvi, bizari. Hakuna aliyetaja mvuje. Kwetu mvuje si chakula. Ni dawa, ni kazi yetu, ni harufu yetu, utautajaje?

Tulipofika uani Mama ndiye aliyeanza.

"Anayemlisha ni nani? Mimi sipiki. Kusma hapiki. Girraj hayupo."

"Unasemaje, Mama?" Sarvesh aliuliza.

"Nasema mama akimwona mwanawe anatazama sahani ya mwenzie, moyo unamwisha. Unammegea. Usinikatalie, mimi nimezaa."

"Naapa kwa mto Ganga! Mikono yangu hii, iangalie! Nisage uwele mpaka nitoke malengelenge halafu nimmegee ngano?"

"Na Guddan alimegewa na nani?"

Nilimwona wifi yangu akirudi nyuma hatua moja. Kaka yangu angeweza kusema neno hapo. Aliinamisha kichwa kwanza, kisha akasema, "Jumapili nakupeleka kwenu, Sarvesh. Lavi atabaki hapa. Mama ndiye atamtunza. Tuone kama atapona."

"Girraj."

"Tuone tu."

"Ukimtenga na mimi atakufa," Sarvesh alisema polepole. "Nakwambia mapema ili baadaye usiseme hukuambiwa."

Nilipandisha hasira, nikamtukana kaka yangu matusi ambayo sitayarudia hapa, na hayakusaidia kitu.

Jumamosi mchana nilikuwa uani nachambua dengu. Lavi alikuwa kitandani kivulini, macho makubwa, kimya. Mama alirudi kutoka bandani, akaoga nyuma ya gunia, akasukutua, akanawa masikio. Vidonge vikavu vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo alikuwa amekuja na donge bichi la siku ileile, limefungwa kwenye jani. Akakaa kando ya mtoto, akamega kipande.

Donge halikukatika. Lilivutika. Likatoka uzi mrefu kati ya vidole vyake, laini, mweupe, kama linavyovutika donge la chapati unapolimega.

Miaka yote ile nilikuwa nimekanda vitu vile kwa mikono yangu. Utomvu wa mvuje, gundi ya mgunga, na unga. Unga wa ngano, magunia kwa magunia, maana mvuje mtupu hauliki na mwanadamu. Kila mtu wa Hathras anajua. Ule unga uliokuwa kwenye nyusi zetu, tuliouoga nyuma ya gunia, tulikuwa tukiusafisha mwilini halafu tunamnywesha mtoto kwa kikombe.

Nilisikia ngazi. Tap, tap. Safari hii sikuogopa kitu kilichokuwa ngazini. Nilimwogopa mama yangu, kwamba sasa hivi atageuza kichwa na kuona usoni kwangu.

"Mama, usimpe," nilisema. "Nimeshampa mimi."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, kabla hujaingia."

Lavi alinitazama. Mtoto alijua ni uongo na hakusema neno. Nilichukua lile donge, nikaenda nalo bandani mbio, nikalitupa. Nikaomba mvuje mbichi kidogo, nikasaga mchele, nikakanda vidonge vingine kwa unga wa mchele. Nilijiambia, Mama ataendelea na dawa yake, Lavi atapona, na hakuna atakayehitaji kujua lolote. Sarvesh nitamtetea kwa njia nyingine, nitamvuta Girraj pembeni nimsihi. Vidonge nikavianika juu ya bati la moto mpaka vikashika, nikaviweka kwenye kikopo cha Mama. Nilikuwa mjinga. Nilitaka kumdanganya Phulmati kwa mvuje.

Jumapili asubuhi bajaji ilikuwa mlangoni, na bunda la Sarvesh limeshapakiwa. Yeye alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamchana Lavi nywele taratibu, anazirudiarudia zile nywele chache ili kazi isiishe. Lavi akaanza kulia tumbo. Mama akachukua kikopo, akatoa kidonge, akakibonyeza.

Kidole kikasimama.

Akakibonyeza tena. Kidonge kikavunjika, kikamwagika kama mchanga. Akatoa kingine, kikavunjika vilevile.

"Huu si mvuje wangu," alisema. "Nani kaweka takataka hii? Hauna mvuto. Huu ni mchele. Nani mpumbavu kakanda mvuje kwa unga wa mchele badala ya..."

Hakumaliza. Girraj alikuwa anaingia, akamwambia mkewe bajaji iko tayari. Mama alikuwa anatazama vidole vyake. Akavisugua taratibu, kidole gumba juu ya kidole cha shahada, kama anavyopima kazi ya watu bandani.

"Kusma," aliniita. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jana, Mama. Tangu jana tu."

Sarvesh alikuwa ameacha kuchana. Alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akakitazama kikopo, na nikaona jambo lile likimwingia. Alimkumbatia Lavi kichwa, akakificha kifuani kwake, akakishikilia.

"Guddan nilimpa vingapi?" Mama aliuliza.

"Mama, Guddan alikuwa anakula chapati. Kila siku. Sote tulimpa. Usi..."

"Nimekuuliza vingapi."

"Kimoja. Viwili. Sikumbuki."

"Muongo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesahihisha bei. "Wiki ya mwisho aliacha kula. Mnakumbuka? Chapati alikataa, maziwa alikataa, kila kitu alikataa. Mvuje tu ndio uliokuwa unaingia. Alikuwa anageuza uso ukutani hataki. Nilimziba pua, Kusma. Nilimziba pua ili afungue mdomo."

Girraj alikaa chini palepale mlangoni. Sarvesh aliinuka na mwanawe begani, akapita mbele yetu, akapanda naye paani kwenye jiko lao, na muda si muda tukasikia jiwe linasaga. Bunda lake lilikaa kwenye bajaji mpaka jioni, hadi nilipolitoa mwenyewe. Kuhusu siku ile hajasema neno mpaka leo, si kwa mumewe wala kwangu. Humwekea mama mkwe wake chakula, humsalimu kwa kumgusa miguu, na hamtazami.

Lavi yuko. Ana miaka kumi sasa, ana mdomo mchafu kuliko mimi, anakula chapati za uwele nne kwa kikao na kulalamika kwamba ni ngumu. Mvuje hauingii nyumbani kwetu. Mama aliacha kazi ya bandani siku ileile, na mimi nikaacha baada yake.

Mchana Mama anakaa peke yake ngazi ya chini, jua likiwa utosini. Mimi sisikii tena kitu. Siku moja nilimletea maji, nikamuuliza, nikitumaini atasema hapana, kama Guddan bado anakuja.

"Anakuja," alisema. "Haombi chakula tena. Anakaa kule mbali, karibu na mlango. Nikimnyooshea mkono tu, anafumba mdomo."